Tengeneza Kwanza, Ndipo Unyooshe

Ndugu wapendwa katika Bwana,

Neno la kufikiri safari hii limo katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12, aya ya 12 na ya 13. Naomba kila mmoja afungue Biblia yake asome mwenyewe, maana sitaliandika hapa neno kwa neno. Mwandishi anasema na watu waliochoka, mikono imelegea, magoti hayana nguvu. Anawaagiza waitengenezee miguu yao njia iliyonyoka, kisha anataja sababu, nayo ni kwa ajili ya kiungo kilicho kilema, ili kipone, kisizidi kuharibika. Wataalamu wengi wa Kiyunani hulieleza neno lililotumika hapo kwa maana ya kiungo kuteguka, kama vile goti au kifundo cha mguu kinavyotoka mahali pake.

Nimeihubiri aya hiyo mara nyingi nikidhani inasema habari za njia tu. Mwaka huu gari letu la parishi limenifundisha kwamba inasema habari za viungo.

Gari lenyewe mnalijua, maana wengi wenu mmelisukuma. Ni Land Rover lile refu, aina ya Series III. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata lile la mwisho kutoka kiwandani lina umri wa mtu mzima mwenye watoto wa shule. Mbele yake hamna ufundi mwingi. Kuna ekseli moja nzima ya chuma, iliyofungwa chini ya springi mbili za majani. Kila mwisho wa ekseli kuna tufe la chuma linalong'aa, na gurudumu hugeuka kwa pini mbili zilizoko hapo, moja juu na moja chini. Magurudumu mawili yameunganishwa kwa fimbo ndefu ambayo mafundi huiita tairodi. Toka usukani hadi magurudumu mna boljointi sita. Boljointi ni kitu kidogo, kichwa cha mviringo ndani ya kikombe chake, kimetiwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira ukipasuka, vumbi huingia. Na vumbi letu mnalijua. Likichanganyika na grisi huwa kama msasa, na kichwa huanza kucheza ndani ya kikombe.

Basi, gari lilianza kuvuta kushoto. Halafu usukani ukaanza kutetemeka kila tulipofika mwendo wa kilometa 60. Halafu tairi za mbele zikaanza kuliwa upande. Ukipitisha mkono juu ya tairi kwenda upande mmoja ni laini, ukiurudisha unakuta meno kama ya msumeno. Mimi nikajua dawa yake, au nilidhani najua. Nikaenda Dodoma mjini, kilometa kama 120 toka hapa Mpwapwa, nikaomba wanifanyie alaimenti. Wakapima, wakanyosha, nikalipa, nikarudi nikiimba. Baada ya wiki sita likaanza tena kuvuta. Nikaenda tena. Mara ya pili ilidumu wiki nne. Mara ya tatu sikumaliza wiki mbili.

Siwalaumu waliopima. Siku ile, mahali pale, gari likiwa limesimama juu ya sakafu ya saruji, magurudumu yalikuwa sawa kabisa. Wala mimi sikuwaomba watazame kitu kingine. Mtu akienda kuomba kunyoshewa, atanyoshewa.

Ndipo nikampelekea fundi mmoja mzee wa hapa kwetu. Yeye ni Mwislamu, na nasema wazi kwamba mwaka huu amenihubiria vema kuliko wengi, pamoja na mimi mwenyewe. Hakuchukua kipimo chochote. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniambia, "Mchungaji, ingia ndani ukanyage breki." Nikakanyaga, akatikisa tena, bado likacheza.

"Ingekuwa ni beringi ya gurudumu," akasema, "ungekanyaga breki mchezo ungekwisha. Huu haukwisha. Uko ndani zaidi, kwenye pini."

Kisha akanipa kazi ya kugeuza usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, huku yeye amelala chini, mkono juu ya boljointi ya tairodi. Akaniita nami nishuke niweke mkono wangu. Mwanawe akageuza usukani. Nikasikia kitu kinagonga ndani ya kiganja changu, tak, tak, kama jino linalotaka kung'oka.

Nikamwambia, "Mzee, nyosha kwanza, hayo mengine tutayatengeneza fedha zikipatikana."

Akafuta mikono yake. "Mchungaji, nikikunyoshea gari hili leo nitakuwa nimekuibia. Ninyoshe kitu gani? Nikipima sasa litanipa hesabu moja, ukilisukuma hatua mbili litanipa nyingine. Kitu chenye mchezo hakinyoshwi. Na tena nakuomba, usipande nalo mlima."

Nikamshukuru, nikaondoka. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Siku ya Ijumaa palikuwa na mazishi upande wa Kibakwe. Wale wanaoijua njia ile, jinsi inavyopanda na kushuka na kupinda, hawahitaji maelezo yangu. Watu walikuwa wanangoja, gari lingine halikupatikana, nami nikajiambia kwamba Mungu huwalinda waendao kuzika. Tulikuwa watu kumi ndani. Tulikwenda salama, tukazika, tukarudi salama, hata tukaingia uwanja wa kanisa. Pale nilipogeuza ili niliegeshe chini ya mwarobaini, mwendo wa mtu anayetembea, tukasikia mlio, na gari likakaa. Nikashuka nikatazama. Gurudumu moja lilikuwa linatazama ofisini, na la pili linatazama kisimani. Boljointi ilikuwa imechomoka katika kikombe chake.

Nusu saa kabla ya hapo tulikuwa kwenye kona za mlimani, korongo mkono wa kushoto.

Wote tulishuka tukasimama kimya. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Umoja wa akina mama, mtu mzima anayeheshimiwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira yo yote, "Baba Mchungaji, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Ndiyo mama. Nilikuwa najua tangu juzi."

Hakusema neno jingine. Akachukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa miguu.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua usiku ule. Mama yule ni mke wa mzee mmoja wa kanisa letu. Ameniruhusu niandike haya, na mumewe pia, mradi nisiwataje majina, ingawa najua wengine mtawajua. Miaka mitatu iliyopita, katika kikao cha Halmashauri ya Parishi, tulipokuwa tukihesabu magunia ya sadaka ya mavuno, nilisema maneno yaliyoonyesha kwamba hesabu ya mzee yule ina upungufu wa kutiliwa shaka. Sikumwita mwizi. Nilisema tu kwa namna ambayo kila aliyekuwamo alisikia neno hilo ingawa halikutamkwa. Mwezi uliofuata tuligundua kwamba kosa lilikuwa la mizani. Nikatoa taarifa ya mizani, tukaendelea na habari nyingine. Lakini sikumwendea.

Tangu siku hiyo tumepeana mkono wa amani ibadani kila Jumapili. Kila Kwaresima nimehubiri upatanisho, na mara mbili nilimtazama yeye nilipokuwa nikihubiri, nikidhani nimemfikishia. Kwa muda mfupi mambo huwa sawa. Kisha huvuta tena kushoto. Kwanza yeye alihama toka kiti cha mbele akakaa nyuma karibu na mlango. Kisha binti yake akaacha kwaya, akisema masomo ni mengi. Kisha mtaa ule anaokaa ukaanza kuchelewesha michango yake, wala hakuna aliyeweza kueleza sababu. Tairi huliwa hivyo. Halipasuki siku moja. Huliwa milimita kwa milimita, na anayeendesha hulaumu barabara.

Mimi nilikuwa nalaumu watu wa mtaa ule kwamba hawana moyo wa kutoa.

Hebu turudi kwenye Neno. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo mlango wa 5, aya ya 23 na 24, anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Angalieni vizuri ni nani mwenye neno. Si yule mwenye sadaka aliyekosewa, bali ni ndugu yake. Na Bwana anaweka utaratibu: aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane, ndipo arudi atoe. Neno "kwanza" hapo si la kupambia. Sadaka si mbaya. Ibada si mbaya. Mkono wa amani tunaopeana si mbaya, kama alaimenti nayo isivyo mbaya. Ila kila kitu kina mahali pake katika kazi, na kazi ikianzwa mwisho haishiki.

Mtume Paulo naye alikutana na jambo hili kule Antiokia. Mnaweza kulisoma katika Wagalatia mlango wa 2, tangu aya ya 11. Petro alikuwa akila pamoja na waamini wa Mataifa, lakini walipofika watu fulani toka kwa Yakobo akajitenga nao kwa hofu. Hata Barnaba akavutwa. Neno la Kiyunani analotumia Paulo katika aya ya 14 kueleza kosa lao maana yake ni kwenda kwa mguu ulionyoka, nalo halipatikani mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Petro hakukosea mafundisho. Kama ungempima kwa maswali ya katekisimo, angeyajibu yote sawasawa. Lakini palikuwa na mchezo ndani, palipo na hofu ya watu, na barabara ilipomtikisa, akavuta upande. Wala Paulo hakumwandikia barua ya jumla juu ya umoja wa Kanisa. Alikwenda akaweka mkono wake pale pale panapogonga.

Labda mtasema, Mchungaji, hayo ni mambo ya wakubwa. Sivyo. Nani asiyejua nyumba ambamo mume na mke hunyoshwa na wazee kila baada ya miezi mitatu, maneno mazuri yanasemwa, kuku anachinjwa, na baada ya wiki mbili ni yale yale? Wazee wale walinyosha. Hakuna aliyeuliza habari za shamba lililouzwa kwa siri. Na ndugu wasiosemezana toka mirathi ya baba yao, ambao hukutana kila Krismasi wakapiga picha pamoja? Afadhali wasingepiga picha.

Sasa niwaeleze lililofanyika juu ya gari, maana mmelichangia fedha na ni haki yenu kujua. Kazi ilichukua siku nne. Mzee yule aliondoa magurudumu, akafungua pini za kugeukia pande zote mbili, akatoa bushi za juu na beringi za chini zilizokwisha liwa, akatia mpya, akapanga vibati vyembamba chini ya kifuniko cha pini ya juu, akiongeza na kupunguza, mpaka gurudumu likageuka kwa uzito unaotakiwa, si jepesi mno wala si gumu. Bushi za springi za mbele zilikuwa zimekuwa kama mkate mkavu, akabadili. Boljointi alibadili zote sita. Nilimwuliza kwa nini asibadili ile moja iliyochomoka tu, tukaokoa fedha. Akasema, "Zote zimekula vumbi moja."

Aliponionyesha ekseli iliyo wazi aliniambia jambo ambalo sikulijua. Katika gari hili, gurudumu limeinama kidogo kwa nyuzi moja na nusu, na pini zake zimelala nyuma kwa nyuzi tatu, na pembe hizo zimo ndani ya ekseli yenyewe tangu kiwandani. Hazina nati ya kuzilegeza wala kuzikaza. Zikionekana si sawa, maana yake kuna kitu kimepinda au kimekwisha, na hakuna kupima kutakakokiponya. Alitazama, akakuta hazikupinda. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Ndipo, siku ya nne jioni, akanyosha. Ndugu zangu, baada ya safari zangu tatu za Dodoma nilitazamia mashine. Alichukua ubao, chaki na futi ya chuma. Alilisukuma gari mbele juu ya ardhi tambarare mpaka magurudumu yakasimama yametazama mbele. Akatia nukta ya chaki ukingoni mwa kila rimu, upande wa nyuma, kimo cha katikati ya gurudumu, akapima toka nukta hadi nukta. Kisha akalisukuma mbele tena mpaka nukta zile zile zikafika upande wa mbele kwa kimo kile kile, akapima mara ya pili. Nikamwuliza kwa nini asipime tu mbele na nyuma bila kulisukuma. Akasema rimu ikiwa imepinda itakudanganya. Nukta ikiwa ni ile ile haiwezi. Kipimo cha mbele kinatakiwa kiwe kifupi kuliko cha nyuma, kati ya milimita 1.2 na 2.4, maana gari likiwa mwendoni magurudumu husukumwa nje kidogo yakawa sawa. Chetu kilikuwa milimita 9. Hilo si ajabu, kwa kuwa boljointi mpya hubadili urefu wa tairodi. Na hapa wapo wanaokosea upande wa pili. Wanaungama, wanalia, wanatengeneza, kisha hawapimi tena mwenendo wao, wanadhani kiungo kipya kitajinyosha chenyewe. Akalegeza vibano vya tairodi akaizungusha. Ncha moja ya fimbo ile ina nyuzi za kulia na ya pili nyuzi za kushoto, kwa hiyo ukiizungusha upande mmoja yote hurefuka, upande mwingine yote hufupika. Baada ya kupima mara tatu ikafika milimita 2. Akakaza.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo nikishika taa, na nilijua ni wapi ninapotakiwa kwenda kesho yake.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, kwa miguu, bila mwinjilisti wala mzee mwingine. Mke wake ndiye aliyenifungulia. Nikamwomba radhi yeye kwanza kwa habari ya Ijumaa ile, maana nilikuwa nimepakia maisha yake katika kitu nilichojua ni kibovu. Akaitikia, akaleta chai. Kisha nikamwambia mumewe kwamba nilimshuku bila haki mbele ya watu, na kwamba niliposoma taarifa ya mizani nilijificha nyuma ya mizani. Alinyamaza muda mrefu. Chai ilipoa. Halafu akasema, "Mchungaji, miaka mitatu nimekuwa nangoja uje bila Biblia mkononi."

Nilikuwa nimeiacha nyumbani, si kwa hekima, bali kwa kusahau.

Sikutoka pale tukiwa tumemaliza. Aliniambia kwamba yeye amenisamehe, lakini neno lile halikusemwa nyumbani kwake, lilisemwa katika Halmashauri, na watu waliolisikia bado wanalo. Anataka nilirudishe pale nilipolitoa. Mwanzoni nilitaka kumwambia kwamba inatosha, sisi wawili tumekwisha kupatana. Nikakumbuka zile boljointi sita.

Halmashauri itakaa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Jambo hili nimeliandika la kwanza katika ajenda, kabla ya habari za paa la kanisa la mtaa. Wajumbe wote waliokuwamo miaka mitatu iliyopita, hata ambao muda wao umekwisha, wanaombwa kufika. Na kuhusu gari, fundi ameagiza tulirudishe apime tena baada ya kilometa 500, viungo vipya vikiisha kukaa mahali pake. Mpaka leo ninapoandika tumekwenda kilometa 310. Halijavuta.

Ndimi ndugu yenu na mtumishi wenu katika Kristo,

Mchungaji wenu